Hilux V6: sensa ya oksijeni iko juu ya giaboksi, mkono haufiki. Lazima giaboksi ishuke?

Mchuuzi wa Viazi

Habari zenu wadau.

Nina Hilux dabo kebini ya petroli, V6 lita 4.0, injini 1GR-FE. Najua mtakachosema: V6 ya petroli kubebea viazi kutoka Kinangop hadi soko la Wakulima, Nairobi, si akili ya biashara. Gari niliachiwa na mjomba, na kuuza gari la mjomba kwetu ni kesi ya ukoo mzima, kwa hivyo hilo tuliache.

Taa ya injini imewaka. Kijana mmoja hapa Kangemi mwenye kile kidude cha ELM327 cha kusoma kodi za hitilafu za injini akanisomea kwa simu: kodi P0141. Akasema ni sensa ya oksijeni ya pili, upande wa kwanza, ile iliyo nyuma ya kataliti, kile kisafisha moshi cha ekzosi. Gari lenyewe halina neno. Halikohoi, halitoi moshi, na likiwa na mzigo linatembea kama kawaida.

Shida ni pahali hiyo sensa ilipo. Imechomekwa juu ya bomba la ekzosi, imeelekea giaboksi, na waya wake unapanda hadi konekta iliyobanwa juu ya giaboksi karibu na sakafu ya kebini. Nikilala chini naiona kwa tochi lakini spana haipati nafasi ya kuzunguka. Vidole vinagusa konekta, havina nguvu ya kubonyeza kile kishikizo.

Nimezungusha gari kwa mafundi. Wa kwanza anataka kushusha giaboksi, na pesa alizotaja zilinifanya niombe maji ya kunywa. Wa pili anataka kukata bomba kwa grainda, atoe sensa mezani, kisha achomelee. Wa tatu anasema tung'oe kataliti tuweke bomba tupu na taa ataizima mwenyewe, tena kwa ukarimu akaongeza kwamba hiyo kataliti kuukuu atanisaidia kuitupa.

Kuna aliyewahi kuifikia bila hayo yote? Halafu huyo wa pili alikuwa akinionyesha sensa ya upande wa kushoto. Upande wa kwanza ni upi hasa?

Boda wa Zamani

Toa balbu ya hiyo taa kwenye dashibodi, uendelee na viazi. Yangu haijawaka tangu nilipofanya hivyo 😂

Dada wa Umeme

Mchuuzi, usimsikize huyo. Siku koili ya plagi itakapokufa na silinda moja ianze kumwaga petroli mbichi kwenye kataliti, utajulia wapi bila taa?

Na huyo wa grainda mwambie asante. Upande wa kwanza ni ule wenye silinda namba 1. Kwenye 1GR-FE silinda 1, 3 na 5 ziko kulia, yaani upande wa dereva kwetu huku. Angekata bomba, angechomelea, na taa ingebaki inawaka.

Sasa elewa hiyo kodi kabla ya kununua chochote. P0141 haisemi sensa imechafuka, wala haisemi mchanganyiko wa petroli na hewa umeharibika. Inasema saketi ya hita. Ndani ya sensa kuna hita ndogo kwa sababu kauri ya zirkonia haianzi kupima sawasawa mpaka ifike joto la nyuzi 300 hivi, na bila hita ingebidi ingojee moshi wa ekzosi uipashe. Kompyuta ikiona umeme wa hita haupiti inavyotarajia, inaandika P0141. Hiyo hita inaweza kuwa nzima kabisa, na waya ndio umekatika. Wewe unabeba viazi. Mahali pa viazi pana panya, na panya na nyaya za magari sina haja ya kukusimulia.

Kwa hivyo pigania konekta kwanza, sensa baadaye. Ukishaichomoa, tazama upande wa sensa: nyaya nne, mbili zina rangi moja. Hizo mbili ndizo za hita. Injini ikiwa baridi weka maltimita kwenye ohm. Hita ya sensa ya nyuma ya Toyota, ikiwa nzima, husoma kati ya ohm 11 na 16. Ikikuandikia OL, imekatika, nunua sensa. Ikisoma vizuri, geukia upande wa gari: washa swichi bila kuwasha injini, utafute pini yenye volti ya betri. Usipoipata, fuata waya na fyuzi. Ila kwa kawaida hizi sensa hugawana umeme wa hita, kwa hivyo kama ingekuwa fyuzi ungeona pia P0161, ambayo ni hita ya nyuma upande wa pili. Kodi ikija moja peke yake mimi humshuku sensa au waya wake.

Jambo la mwisho. Mtu asikutishe kwamba gari linakunywa petroli kwa sababu ya sensa hii. Sensa za mbele, kabla ya kataliti, ndizo zinazoongoza mchanganyiko. Ya nyuma kazi yake kubwa ni kuchungulia kama kataliti inafanya kazi. Gari lako linakunywa kwa sababu ni V6.

Na unaosha wapi?

Mchuuzi wa Viazi

Dada asante sana, hilo la kulia na kushoto limeniokoa.

Kuosha ni hapa hapa Kangemi, nikitoka tu Kinangop. Matope ya kule yakikauka chini ya gari hayatoki tena, kwa hivyo vijana wanapiga presha yakiwa bado mabichi, hadi kwenye ekzosi.

Dada wa Umeme

Basi hapo nina jibu la kutosha. Ekzosi ikiwa moto halafu ipigwe maji baridi ya presha, kauri ndani ya sensa inaweza kupasuka, na hita ikaenda nayo. Waambie waanzie boksi ya nyuma na magurudumu, chini waende mwisho, chuma kikiwa kimepoa. Kufika konekta nawaachia wenye spana, mimi nyaya zangu huwa zimeshashushwa na mtu mwingine.

Mzee wa Spana, Light Industries

Kijana wangu, nimesoma yote. Mimi nimelala chini ya magari tangu siku za Peugeot 504 na Datsun 1200, magari yasiyojua sensa ni nini. Halafu zikaja sensa, na petroli yetu bado ina risasi, yaani ledi, ikawa mtu anafunga mpya na risasi inaiua. Risasi iliondoka 2006, sasa sensa hufa kwa maji, kwa silikoni ya gasketi iliyopakwa kama siagi, na kwa injini zinazokula oili. Hiyo ni historia, twende kazini.

Fundi wako wa kwanza hakudanganya, alikosea kipimo tu, au alipima mfuko wako. Giaboksi haihitaji kutoka. Inahitaji kuinama. Chini ya giaboksi kuna mhimili wa chuma unaovuka kutoka chesesi hadi chesesi, na giaboksi imekalia raba iliyo katikati ya huo mhimili. Weka jeki ya troli chini ya giaboksi, na kipande cha ubao katikati ili usibonyeze sampu, karai la oili la chini. Inua kidogo tu mpaka uzito uondoke kwenye mhimili. Fungua bolti za mhimili, kisha shusha jeki polepole sana, nyuma ya giaboksi iteremke sentimita chache. Hapo juu panafunguka nafasi ya mkono mzima kuingia mpaka konekta.

Shusha ukitazama, usishushe ukihesabu. Injini inapoinama nyuma inanyanyuka mbele, kwa hivyo mtu mmoja awe kwenye boneti anaangalia feni isiguse kava ya rejeta, na mipira ya maji isivutike. Kikianza kuvutika kitu, simama hapo hapo. Jeki isikuondokee ukiwa chini, na gari lenyewe likae kwenye stendi za chuma, magurudumu yamezuiwa. Mawe sitaki kuyasikia. Na toa kichwa cha betri kabla ya kuanza.

Konekta ina ulimi wa kubonyeza. Kule juu umejaa vumbi lililogeuka udongo, ndiyo maana vidole havifaulu. Puliza kwa kompresa kwanza. Kisha sukuma konekta ndani, bonyeza ulimi, ndipo uvute. Watu huvuta huku wanabonyeza, ulimi unabaki umejibana pale pale, mwishowe plastiki inavunjika.

Ukimaliza kupima alivyokuambia huyu dada, na hita ikiwa imekufa kweli, hapo una uhuru ambao watu wengi hawautumii: kata waya wa sensa ya zamani. Imekufa, unailindia nini? Ile soketi ya sensa yenye mpasuo kando imetengenezwa hivyo ili waya upite, na huo mpasuo ndio udhaifu wake. Sensa ikikataa, soketi inapanuka na kuteleza, pembe za nati zinalainika, kisha unaanza kutafuta mtu wa grainda. Waya ukishakatwa unaweza kuvalisha ringi spana ya milimita 22 iliyofunga pande zote sita, au soketi ndefu nzima isiyo na mpasuo. Inashika vizuri mno.

Usitoe ikiwa baridi kabisa, wala ikiwa moto wa kuunguza. Jioni ya kuamkia kazi, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye shina la nati, uache yalale. Asubuhi washa injini dakika chache ekzosi ishike joto, uzime, vaa glavu za ngozi. Kabla ya kulegeza, kaza kidogo, nywele tu, ili kutu ivunjike. Kisha legeza. Ikizunguka kidogo na kukaza tena, irudishe, mafuta tena, nenda na kurudi. Anayelazimisha mzunguko mmoja hadi mwisho anatoa sensa pamoja na meno ya bomba.

Pa kusimama? Usiifuate kutoka kando, pale kila mtu anapokwenda kwa sababu ndipo inapoonekana. Lala nyuma ya ule mhimili, kichwa upande wa magurudumu ya nyuma, upitishe ekstensheni ndefu kuelekea mbele sambamba na giaboksi. Unganisha mbili au tatu, na jointi ya kunyumbulika karibu na soketi. Racheti inakaa nyuma kabisa, kwenye nafasi tele, unaizungusha kwa mikono miwili. Mtu wa pili anashika soketi isiruke kwenye nati. Mikono ya mtoto wa shule ya ufundi hapa ina thamani kuliko nguvu zangu.

Kuhusu kushusha bomba lote la mbele, wengine watakushauri hivyo. Mimi huliacha liwe la mwisho. Zile bolti za kwenye manifoldi zimechemshwa miaka na miaka, moja ikikatika ndani una kazi nyingine ya siku nzima, na gasketi mpya juu yake.

Huyo wa kataliti unajua anachotaka. Ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu. Hatupi mtu.

Mchuuzi wa Viazi

Mzee shikamoo. Nimeprinti hii.

Konekta imetoka, kile cha kusukuma kwanza ndicho kilikuwa siri. Maltimita inasema OL. Nikipima upande wa gari, volti za betri zipo. Kwa hivyo ni sensa.

Sasa niko Kirinyaga Road na Grogan, kwenye maduka ya spea. Duka moja wana "orijino" kwa bei ambayo hata mimi naona ni ndogo mno. Grogan wana iliyong'olewa kwenye gari la Japani. Mwingine ana ile ya nyaya nne bila konekta, anasema inaingia magari yote.

Mwana Spea

Nauza spea, kwa hivyo nichukulie na chumvi yako, lakini si za Toyota na huna haja ya kuja kwangu.

Nenda na namba ya chesesi, wakutolee namba ya kipuri kwenye mfumo. Namba za Toyota za sensa ya oksijeni ya kawaida huanza na 89465. Zinazoanza na 89467 ni zile za kupima mchanganyiko, zinazokaa mbele kwenye magari yaliyo nazo. Kwa macho zinafanana, meno ni yale yale M18 kwa 1.5, na konekta wakati mwingine inaingia, lakini zinafanya kazi tofauti. Muuzaji asiyejua tofauti hiyo mwachie mali yake.

Orijino ya bei ndogo: tazama maandishi kwenye mwili wa sensa, si kwenye boksi. Boksi kila mtu anachapisha. Namba iliyochorwa kwenye chuma ilingane na karatasi, na urefu wa waya ulingane na wako. Kuna watu wamefunga sensa yenye waya mfupi, ukavutika hadi kugusa ekzosi.

Ya Grogan mimi singenunua. Kataliti iliyotumika sawa, mlango uliotumika sawa, lakini sensa ni kitu kinachochakaa kwa kazi, na hujui ile imefanya kazi kiasi gani.

Dada wa Umeme

Naongeza kwa hiyo ya nyaya nne tupu. Inafanya kazi ikiwa ni aina sahihi, ila usiruhusu mtu aiunge kwa risasi na bunduki ya kulehemu, wala asipakie grisi kwenye konekta. Sensa nyingi za zirkonia zinahitaji hewa safi ya kulinganisha na moshi, na hewa hiyo huingia ikipita ndani ya waya wenyewe, katikati ya nyuzi za shaba. Risasi ikijaa humo umeiziba pua. Tumia viunganishi vya kubana kwa koleo, vyenye ganda la kuzuia maji. Kama pesa inatosha, chukua yenye konekta yake, usijitafutie kiungo juu ya giaboksi ambako hutarudi kirahisi.

Mzee wa Spana, Light Industries

Marahaba kijana.

Wakati wa kufunga: sensa mpya mara nyingi huja na grisi kijivu kwenye meno. Hiyo inatosha. Ikija bila, paka kidogo ya aina hiyo kwenye meno tu, ncha isiguswe hata na kidole chenye mafuta. Kabla ya kuingiza, zungusha waya kinyume mara kadhaa, ili ukiikaza waya ujinyooshe badala ya kujisokota. Anza kwa vidole. Ikikataa vidole, usilete spana, meno yana uchafu: tafuta tapu, kile chuma cha kuchonga meno, ya M18 kwa 1.5 uyapitie, ukiwa umeipaka grisi ili ishike vyuma vinavyobanduka. Kukaza ni Nm 40 hadi 45, yaani imara, bila kuning'inia kwenye spana. Rudisha kila klipu ya waya pahali pake, mbali na bomba na mbali na propela. Kisha inua giaboksi, bolti za mhimili zote ziingie kwa mkono kwanza ndipo uzikaze.

Boda wa Zamani

Na balbu?

Mzee wa Spana, Light Industries

Rudisha balbu yako, wewe mzee mwenzangu.

Mchuuzi wa Viazi

Imetoka! Tuliinamisha giaboksi kwa jeki ya jirani, mpwa wangu akiwa kwenye boneti anapiga kelele "feni bado, feni bado". Waya nilikata kama ulivyosema. Ringi spana haikupata nafasi ya kuzunguka, soketi ndefu na ekstensheni kutoka nyuma ndiyo iliyofanya kazi. Ilipoachia ililia mlio ambao nilidhani ni bomba limepasuka.

Ncha ya ile ya zamani ina ufa unaoonekana kwa macho, na rangi ni kahawia hafifu. Si nyeusi, si nyeupe. Meno ya bomba yalikuwa na kutu, mpya haikuingia kwa vidole. Tapu niliazima kwa fundi wa plagi, ikaingia kama siagi baada ya hapo.

Nimefuta kodi kwa kile kidude. Nimeenda Kinangop nikarudi na mzigo, taa haijawaka. Maswali mawili tu. Taa inaweza kurudi baada ya siku kadhaa? Na ya kushoto niibadilishe pia, kwa kuwa ni ya umri ule ule?

Dada wa Umeme

Hita hukaguliwa mapema injini ikishawashwa, kwa hivyo kama saketi ingekuwa bado na shida ungeshaiona safarini. Ukaguzi wa kataliti ndio unaochelewa, unahitaji mwendo mrefu wa kasi isiyobadilika, na njia ya Kinangop inatosha. Ikija P0420, kodi ya kataliti iliyochoka, hiyo ni hadithi nyingine, usirudi kulaumu sensa.

Mzee wa Spana, Light Industries

Ufa huo ni wa maji, dada alisema. Kahawia hafifu ni vizuri. Ingekuwa nyeupe ya unga ningekuuliza habari ya silikoni au maji ya rejeta, nyeusi ya masizi ningekuuliza petroli inayozidi.

Ya kushoto iache. Haina kodi, haina kosa. Ila siku utakapokuwa chini kwa kazi nyingine, mwaga oili au nini, inyunyizie mafuta ya kutu kwenye shina injini ikiwa baridi, na upulize udongo kwenye konekta yake. Jeki ya jirani imerudi?

Mchuuzi wa Viazi

Imerudi mzee, na gunia dogo la viazi juu yake. Wewe la kwako linakuja Light Industries Jumamosi, niambie tu ni upande gani wa karakana.

Mzee wa Spana, Light Industries

Ingia na lango la juu, uulize mwenye 504 nyeupe isiyo na injini. Viazi visiwe vile vya kijani.